Risiti Tunazo, Hesabu Je? Tathmini ya huduma za uwazi wa fedha za jiji kwa mkazi wa Tanga

Mkazi wa Tanga siku hizi hulipa akabaki na ushahidi mkononi. Muuza mboga wa Mgandini anakatiwa risiti ya mashine, mwenye duka Barabara ya Nane analipia leseni kwa simu, lori la kokoto kutoka Pongwe linapita na karatasi yake. Hapa hatupimi kama ushuru ni mkubwa au mdogo. Tunapima vyombo: ukishalipa, vile vilivyowekwa ili uone fedha imekwenda wapi vinakufaa kwa kiasi gani, wewe mtu wa kawaida mwenye simu ya bei nafuu na bando la siku?

Jibu la haraka ni kwamba upande wa kukusanya vyombo ni vizuri, na vinazidi kuwa vizuri. Upande wa kutumia, karatasi zipo, ila zimetawanyika huku na kule, na nyingine zinakufikia fedha ikiwa imeshakuwa ukuta na bati. Mfumo unamwona mlipaji vizuri kuliko mlipaji anavyouona mfumo. Kasoro zinazotajwa humu ni zile zinazojirudia katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kwa halmashauri za nchi nzima, si hukumu ya jiji moja.

Kontroo namba: nyota nne na nusu kati ya tano

Hiki ndicho chombo bora kuliko vyote, na watu wamekizoea mpaka hawaoni tena ubora wake. Tangu mwaka 2017, serikali ilipoanza kutumia mfumo wa pamoja wa malipo (GePG), leseni, pango la vibanda, viwanja na vibali vya ujenzi vimehamia kwenye namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Fedha inatoka kwenye simu yako au benki na kuingia akaunti ya halmashauri bila kulala kwenye droo ya mtu. Nyuma ya namba hiyo kuna ankara yenye jina la mlipaji, chanzo cha mapato na kiasi.

Makosa ya watumiaji ni yale yale. La kwanza ni kuingia kwenye menyu isiyo yake: kontroo namba inalipiwa kwenye kipengele cha Malipo ya Serikali, si kwenye lipa namba ya dukani wala kwenye kutuma pesa. La pili ni kulipa pungufu. Ankara nyingine zinakubali kulipwa kidogo kidogo, nyingine zinataka kiasi kamili, na hizo ukipunguza hata shilingi mia muamala unakataliwa. La tatu ni kung'ang'ania namba iliyokwisha muda. Ankara ina tarehe ya mwisho. Ikipita, omba mpya.

Kisha kuna lile ambalo si kosa la mlipaji. Mtu akikwambia mtandao uko chini, "nitumie kwenye namba yangu nitakulipia", hayo si malipo ya serikali hata kama amevaa kitambulisho kifuani. Deni lako kwenye mfumo litabaki palepale, na mwakani utadaiwa la miaka miwili.

Nusu nyota imepotea kwa sababu ankara nyingi hutaja chanzo cha mapato kwa jina la kihasibu. Mwenye kibanda anaweza kushindwa kujua kama amelipia pango, ushuru wa soko au deni la mwaka jana. Uliza kabla hujalipa: hii ni ya chanzo gani, na inalipia kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani? Kipindi kisipoandikwa, ndipo mabishano ya madeni ya vibanda yanapoanzia.

Mashine ya POS: nyota tatu, na hapa pana mengi

Ile mashine ndogo ya mkononi ilikuja kuchukua nafasi ya vitabu vya stakabadhi, vile ambavyo wakaguzi walikuwa wakiandika kila mwaka kwamba vimechukuliwa na havikurudishwa. Kwa hilo imesaidia sana. Ila watu wengi wana imani nayo isiyo sahihi: wanadhani ikitoa karatasi, fedha imeshafika benki. Haijafika. Mashine inapeleka taarifa, haipeleki fedha. Ukimpa mkusanyaji noti ya elfu moja, mfumo unaandika kwamba mkusanyaji huyo anadaiwa elfu moja. Baadaye yeye anatoa kontroo namba ya jumla ya makusanyo yake na kwenda kuyalipia. Kati ya saa uliyotoa noti na saa anayolipia ndipo penye tundu.

Memoranda ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 inataka makusanyo yafike benki siku hiyo hiyo au siku ya kazi inayofuata. Makusanyo yakitumika kabla ya kufika huko, wahasibu wana jina lake: fedha mbichi. Inaweza hata kuwa imetumika kwa jambo la halali kabisa, kama mafuta ya gari la taka au posho ya vibarua wa kufagia soko, lakini imetumika nje ya kasma (fungu la bajeti), bila hati ya malipo, na hakuna anayeweza kuithibitisha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukisoma ripoti za CAG za miaka kadhaa mfululizo utakuta orodha isiyobadilika sana: mashine zinazokaa muda mrefu bila kuunganishwa na mtandao, wakusanyaji na mawakala wenye madeni ambayo hayajawasilishwa, miamala iliyofutwa au kurekebishwa bila idhini inayoonekana. Mashine inaweza kukata risiti bila mtandao na kuhifadhi taarifa ndani yake. Ni jambo jema, maana pembeni ya mji mtandao hauaminiki. Lakini mashine isiyounganishwa kwa wiki nzima ni wiki nzima ya makusanyo ambayo makao makuu hayayaoni.

Kwa hiyo risiti ina faida gani? Ndiyo inayomtia mkusanyaji deni. Noti iliyotolewa bila risiti haimo kwenye mfumo, na mkaguzi hawezi kudai asichokiona. Ukiipokea, soma kabla ya kuondoka: jina la halmashauri, chanzo (ushuru wa soko, ada ya stendi, mazao, samaki), kiasi kwa tarakimu, tarehe na saa, namba ya risiti, na utambulisho wa mkusanyaji au wa mashine. Tarehe ikiwa si ya leo, sema hapo hapo. Inaweza kuwa saa ya mashine imeharibika, inaweza kuwa ni risiti ya mwenzako wa jana. Piga picha siku hiyo hiyo, maana karatasi ya mashine inafifia, na ikikaa kwenye dashibodi ya gari juani hapa Tanga haichukui muda kuwa nyeupe.

Diwani wako ukimkuta, usimuulize jiji limekusanya shilingi ngapi. Hilo atalijibu kwa furaha. Muulize namba tatu kwa robo mwaka moja: iliyosomeka kwenye mashine ni kiasi gani, iliyofika benki ni kiasi gani, na tofauti yake iko kwa nani. Namba hizo zipo, kwa sababu usuluhisho, yaani kulinganisha hesabu za mashine na za benki, ni kazi ya kawaida ya ofisi ya Mweka Hazina.

TAUSI tuipitie haraka. Ni tovuti ya TAMISEMI ya kuombea leseni, vibali na huduma nyingine za halmashauri, na kwa mfanyabiashara imepunguza safari za kwenda dirishani. Unahitaji namba ya NIDA, TIN na simu iliyo hewani. Kwa leseni, TRA nao wawe wamekuthibitisha kwamba hudaiwi kodi. Kinachokwamisha wengi ni jina la biashara kuandikwa vingine kwenye TIN na vingine kwenye mkataba wa pango. Sawazisha kwanza TRA, usianze na halmashauri. Kwa uwazi, inakuonyesha ankara zako wewe, na hapo imemaliza. Jumla ya leseni zilizolipwa kata ya Chumbageni au Makorora mwaka huu hutaipata humo. Nyota tatu.

Fedha ambazo si za jiji

Hapa ndipo malalamiko mengi huenda mlango usio wake, na afisa anakujibu kwa haki kabisa kwamba halimhusu.

Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa ukinunua umeme wa LUKU, iko chini ya TRA. Usiitafute kwenye makusanyo ya ndani ya jiji. Mashimo ya barabara za mitaa ya Ngamiani au Mabawa ni ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, wenye bajeti yake na meneja wake. Maji ni Tanga UWASA. Ukienda kwenye mkutano wa mtaa ukauliza halmashauri kwa nini bomba limekauka na barabara imechimbika, umetumia nafasi yako ya kuuliza kwa taasisi mbili ambazo hazimo ukumbini.

Kwa kuwa tumeitaja UWASA, ina somo la pembeni. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ili kuuza, ilibidi iandae waraka wa matarajio: hesabu zilizokaguliwa, miradi itakayojengwa, vihatarishi, na fedha ya kulipa riba itatoka wapi. Mwenye hatifungani anastahili kupewa taarifa kwa kalenda inayojulikana, na asipopewa ana pa kushtaki. Muuza dagaa wa Deep Sea anayelipa ushuru kila asubuhi amechangia kwa miaka mingi zaidi, na hana waraka wa namna hiyo. Sheria haimnyimi taarifa. Ila hakuna anayelazimika kumpelekea ikiwa imepangwa, imefupishwa na ina tarehe.

Ubao wa matangazo: kati ya nyota moja na nne

Tofauti ni kubwa kiasi hicho kwa sababu ubao unategemea mtu mmoja: mtendaji wa mtaa, mwalimu mkuu au mganga mfawidhi. Akijali, ubao wa shule unakushinda tovuti yoyote. Asipojali, utakuta tangazo la chanjo la mwaka juzi na ratiba ya ligi.

Ubao wa shule ya msingi ndio wa kuanzia, kwa kuwa hesabu yake unaweza kuipiga mwenyewe. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambapo 6,000 huenda kwenye akaunti ya shule na 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 900 basi inatarajia 900 mara 6,000, yaani 5,400,000 kwa mwaka, au 450,000 kwa mwezi. Ukiona ubao umeandika 410,000, usiruke na kusema arobaini imeliwa. Idadi inayotumika ni ile iliyopelekwa serikalini mapema, si ya watoto walioko darasani leo, na shule iliyopokea wengi Januari huendelea kupata ruzuku ya idadi ya zamani. Muulize mwalimu mkuu idadi iliyotumika. Ukizidisha ikapatana, umemaliza. Isipopatana, peleka swali kwa kamati ya shule.

Ujenzi ndio wenye mambo. Madarasa na matundu ya vyoo siku hizi hujengwa kwa utaratibu wa force account: fedha inaingizwa akaunti ya shule, fundi wa eneo anapewa kazi ya mikono, vifaa vinanunuliwa na shule yenyewe. Unasimamiwa na kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Mantiki yake ni rahisi: anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Ukikuta jina moja kwenye kamati ya manunuzi na ya mapokezi, kinga yote imekufa hata kama mhusika ni mwaminifu kama nini.

Madarasa ya mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021 yalipewa shilingi milioni 20 kwa chumba, na namba hiyo imebaki vichwani mwa wengi. Kuuliza "milioni 20 zimekwisha?" hakukusaidii. Omba kuona leja ya stoo na hati za kutolea vifaa, kisha chukua kifaa kimoja tu ukifuate. Saruji inafaa. Mfuko wa kilo 50 kwa mchanganyiko wa kawaida unafyatua tofali za inchi sita 30 hadi 35. Tofali 2,000 basi zinahitaji mifuko kama 57 hadi 67. Leja ikisema mifuko 120 ilitolewa kwa kufyatua tofali 2,000, una swali halali. Mara nyingi jibu ni uzembe wa kuandika: mifuko ya msingi na ya jamvi imeandikwa yote kwenye mstari wa tofali. Basi iandikwe upya, na hati za kutolea zionyeshe siku na kazi. Kama hati za kutolea hazipo kabisa, au zote zina mwandiko mmoja, kalamu moja na zinafuatana namba kwa kazi ya miezi miwili, hilo ni jambo la kumpelekea mkaguzi wa ndani.

Mtaa wenyewe ni habari nyingine. Kijiji ni chombo kamili kisheria chenye mapato yake. Mtaa wa mjini si hivyo. Michango inayokusanywa na mtaa, iwe ya ulinzi shirikishi au ya taka, ipate stakabadhi na isomwe kwenye mkutano wa wakazi. Daftari la kaunta lenye majina na tiki pembeni si stakabadhi.

Taarifa ya robo mwaka na mitego yake

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na robo zake zinaishia Septemba, Desemba, Machi na Juni. Baraza la Madiwani hukaa kila robo, hupokea taarifa ya mapato na matumizi, na kikao chake ni cha wazi: unaweza kukaa nyuma ukasikiliza, bila kuzungumza. Taarifa ikibandikwa au ikisomwa, safu utakazoziona ni makisio, makusanyo halisi na asilimia.

Asilimia ndiyo inayopigiwa makofi, na ndiyo ya kuitilia shaka kwanza. Chanzo kilichokisiwa chini kinafikia asilimia 130 bila jasho. Linganisha na makusanyo ya robo kama hiyo mwaka jana, kwa shilingi, chanzo kwa chanzo. Kama ushuru wa samaki umeshuka na wavuvi wenyewe wanasema msimu ulikuwa mzuri, hapo pana cha kuuliza. Angalia pia mapato lindwa na yasiyolindwa. Lindwa, kama uchangiaji wa huduma za afya, yamefungwa kwenye matumizi yake. Jiji linapanga kwa uhuru yale yasiyolindwa tu. Mtu akijumlisha yote, anapata mfuko mnono kuliko ulivyo.

Tofauti hiyo ndiyo inayochanganya watu kwenye asilimia kumi. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka halmashauri itenge asilimia 10 kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inakokotolewa kwenye mapato ya ndani yasiyolindwa. Kwa mfano wa kubuni, jiji likikusanya bilioni 20 na kati ya hizo bilioni 4 ni lindwa, fungu ni bilioni 1.6: milioni 640, milioni 640 na milioni 320. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Halmashauri kumi zilichaguliwa kuijaribu kupitia benki, miongoni mwao Bumbuli ya mkoa huu huu. Taarifa nyingi husema kiasi kilichotolewa. Ulizia marejesho. Fedha hiyo ni ya kuzunguka, na wakaguzi wameandika mara nyingi kuhusu vikundi visivyopatikana na madeni yasiyofuatiliwa. Mwaka ambao marejesho hayatajwi ni mwaka ambao pengine hayakurudi.

Zabuni zimehamia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma kwa mtandao uliochukua nafasi ya TANePS kuanzia Oktoba 2023. Matangazo ya zabuni unayaona bila akaunti. Tafuta kwa jina la taasisi nunuzi. Ni hatua kubwa mbele. Ila mradi hauvujii kwenye tangazo peke yake. Huvujia pia baadaye, kwenye nyongeza za kazi na muda, na huko mtu wa nje haoni vizuri. Nyota tatu na nusu.

Ripoti ya CAG: nyota nne kwa yaliyomo, mbili kwa wakati

Hakuna waraka ulio bora kuliko huu kuhusu fedha za halmashauri, na hauna bei: unapakuliwa bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, nao hutoa pia toleo fupi kwa ajili ya wananchi. Ripoti kuu ya serikali za mitaa inahusu halmashauri zote 184 za Bara kwa pamoja, kwa hiyo usiisome kuanzia ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye viambatisho, ambako kila hoja, yaani dosari iliyoibuliwa na mkaguzi, ina jedwali la halmashauri husika. Ukitafuta kwa neno "Tanga" peke yake utaletewa matangazo, Halmashauri ya Tanganyika na mkoa mzima. Andika "Jiji la Tanga", na kwenye toleo la Kiingereza "Tanga CC".

Kuna hati za aina nne: inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha, na ile ambayo mkaguzi ameshindwa kutoa maoni. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha, hupigwa picha na keki. Hati hiyo maana yake ni kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa viwango na hazina upotoshaji mkubwa. Haisemi kwamba darasa limejengwa kwa bei nzuri, wala kwamba ushuru wote umefika benki. Halmashauri inaweza kuwa nayo na bado ikawa na kurasa kadhaa za hoja, zisome hizo.

Tatizo ni wakati. Fedha iliyotumika Julai 2023 imo kwenye mwaka ulioishia Juni 30, 2024. Hesabu zinapelekwa kwa CAG kufikia mwisho wa Septemba, yeye anamkabidhi Rais ripoti kufikia mwisho wa Machi, Bunge linaipata Aprili. Unaisoma baada ya miezi 21. Mtumishi ameshahamishwa, fundi ameshakwenda zake. Tanga ni waja leo waondoka leo, hata kwa watumishi.

Pamoja na hayo, usikose baraza maalum la kujadili hoja za CAG, ambalo kwa kawaida hufanyika miezi michache baada ya ripoti kutoka, Mkuu wa Mkoa akiwepo. Huko kuna jedwali la hoja, majibu ya menejimenti na hali ya utekelezaji. Neno la kulichunguza ni "imefungwa". Hoja inaweza kufungwa kwa sababu fedha imerudishwa, au kwa sababu tu vielelezo vilivyokosekana vimepatikana. Hayo ni mambo mawili, na jedwali mara nyingi linayaweka kwenye safu moja. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, huita halmashauri chache tu kwa mwaka, kwa hiyo baraza hili ndilo mahali ambapo hoja za kwenu zitasomwa moja moja.

Barua: huduma isiyotumika

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na taasisi ijibu ndani ya siku 30. Ikikataa, itoe sababu, na una nafasi ya kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Ni chombo kizuri kuliko sifa yake, tatizo ni namna tunavyokitumia. Barua inayosema "naomba mapato na matumizi yote ya jiji" inampa afisa sababu nzuri ya kuiweka chini ya rundo. Taja kitu kimoja, kipindi na hati: "Naomba nakala ya taarifa ya usuluhisho kati ya makusanyo ya POS na fedha zilizowekwa benki, chanzo cha ushuru wa soko, robo ya Oktoba hadi Desemba." Au: "Naomba orodha ya vikundi vilivyopewa mkopo wa asilimia kumi kata ya Mzingani mwaka wa fedha uliopita, kiasi na marejesho." Majina ya watu binafsi yanaweza kuzuiwa, ya vikundi na kiasi ni vigumu kuyazuia.

Andika jina lako, anwani na simu, iende kwa Mkurugenzi wa Jiji, kwa uangalizi wa Ofisa Habari. Peleka masijala nakala mbili, ya pili ugongewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo siku 30 hazina pa kuanzia kuhesabiwa. Wakikwambia nakala ziko tayari ila kuna gharama ya kudurufu, omba kontroo namba.